Sidii Isiyocheza na Upepo

Upepo wa Mkuyuni ukiteremka kutoka milimani hauna adabu. Unavua khanga kambani, unalaza mchicha, unapeleka siri za watu kwa jirani. Sidii kuukuu ambazo Bi Raya alizitundika bustanini kufukuza ndege zilikuwa zinazunguka na kumeremeta kama vichaa. Ila moja. Ile iliyofungwa kwa uzi mweusi juu ya mlango wa choo ilitulia tuli, utadhani imeshikwa na vidole viwili.

Luqmani aliiona. Angekosaje kuiona, na yeye alijisifia kila kitu, macho yakiwemo? Alikuwa fundi kompyuta wa Morogoro mjini, na kwa maneno yake mwenyewe, kompyuta iliyokufa ikisikia ndala zake huwaka kwa woga. Mdomo huo ndio uliompatia Yasmin, binti wa Bi Raya. Nikah ilikuwa Ijumaa inayofuata. Na mdomo huohuo, asubuhi ile, ulikuwa umeshamwambia mama mkwe mtarajiwa, "Mama, hiyo ni kazi ya kikombe kimoja cha chai."

Kompyuta ya steshenari ya Bi Raya ilikuwa imegoma: skrini nyeusi, mstari mmoja wa maandishi meupe, basi. Mitihani ya shule za milimani yote ilikuwa humo. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kizamani, ukiiwasha kwa flashi haiitambui. Dawa ilikuwa moja: Luqmani atengeneze sidii ya kuamshia kwenye laptopu yake, kisha aiingize kwa mgonjwa, imwamshe na kuutengeneza mfumo wake. Lakini sidii tupu siku hizi utaitoa wapi? Madukani walimcheka.

"Za bustanini zimekwaruzika zote," alisema Yasmin.

"Na ile ya chooni?"

Yasmin aliangalia kwanza kama mama yake yuko mbali. "Ile si ya ndege."

"Ya nani sasa, ya nzi?"

"Luqmani, usitanie. Bibi alipokuwa mgonjwa kuna kitu kilikuwa kinamlamba. Tukimfunua tunamkuta na ute shingoni, masikioni, mpaka katikati ya vidole. Unanuka utumbo wa samaki. Maalim Hatibu akakisomea, akakifungia humo."

"Kwenye sidii?"

"Zamani walifungia kwenye chupa. Chupa zinavunjika."

Luqmani alicheka mpaka akashika magoti. "Jini limerekodiwa! Jamani, kwa nini hamkuniita? Ningewatilia na muziki!"

Akageuza ndoo, akapanda, akaukata uzi kwa meno. Uzi ulikuwa na ladha ya mafuta yaliyochacha, akatema. Akaigeuza sidii juani na kupiga mluzi: ilikuwa ya aina ile inayofutika na kuandikwa upya.

Sasa, kama umetoka kula, ngoja kwanza kishuke. Fundi mwenye adabu husafisha sidii kwa kitambaa laini. Luqmani alisafisha kwa mate. Aliyakokota kutoka chini ya koo, akadondosha tone zito, akalisambaza kwa kidole gumba, akafutia kwenye fulana yake. Miaka yote ya ufundi, mate hayajamwangusha. Ila siku ile fulana ilitoka kavu. Mate yalikuwa yameshazama, kama maji kwenye mchanga.

"Umeiona hiyo?" Yasmin alinong'ona.

"Nimeona kazi inachelewa."

Laptopu iliuliza: sidii hii ina kitu ndani, nikifute? Akabonyeza ndiyo bila hata kukaa sawa.

Harufu ilianza kidogo, kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndoo ya maji machafu. Ikawa ya meno mabovu. Na wakati sidii inazunguka na kuandikwa, ikawa ya utumbo wa samaki uliolala juani, ikamwingia puani na kukaa nyuma ya ulimi, ikawa nene kiasi kwamba kila akimeza mate alihisi anameza kitu chenye mifupa midogo, chenye magamba, ambacho kilishatafunwa na mtu mwingine.

Lakini ilikubali. Akaiingiza kwenye kompyuta ya Bi Raya, na mgonjwa akaamka.

"Mashallah!" Bi Raya alipiga kigelegele dukani. "Nimepata mkwe!"

"Nilikwambia, mama. Mimi si fundi, mimi ni daktari."

Kisahani cha sidii kikatoka chenyewe.

Luqmani akakirudisha kwa kidole. Kikatoka. Safari hii kilikuwa na unyevu. Akakirudisha, kikatoka tena, na ute mweupe ukaning'inia ukingoni, ukavutika, ukadondokea mezani, na ndani ya ute palikuwa na unywele wa mvi umejikunja.

"Luqmani," Bi Raya akauliza polepole, "hiyo sidii umeitoa wapi?"

"Vumbi tu hilo, mama, na joto." Akainama kuchungulia ndani, maana fundi wa mdomo hawezi kurudi nyuma mbele ya mama mkwe, na akiwa amesogeza uso kwenye lile giza, akisikia kitu kinapumua kwa pumzi fupi za moto, kisahani kilitoka kwa nguvu, kikampiga midomoni, kikapita katikati ya meno, na hakikuwa plastiki tena, kilikuwa laini, cha moto, chenye vipele vya ulimi, kikamlamba kaakaa kuanzia mbele mpaka kwenye kimio, taratibu, kama mtu anayemalizia mchuzi kwenye sahani.

Alitapika palepale, juu ya rimu za karatasi.

Maalim Hatibu alifika kabla ya alasiri. Hakumlaumu mtu. Alifukiza ubani, akasoma, akaitupa sidii kwenye makaa. Ilijikunja na kuchuruzika usaha wa njano. Kisha akamtazama Luqmani.

"Kijana, hiki nimekitoa kwenye mashine. Jambo moja nakuuliza, na unijibu kweli. Ulikipa chochote cha mwili wako? Damu, ukucha, mate? Kama ulikipa, kina mlango mwingine, na huo tunaufunga sasa hivi au haufungiki."

Bi Raya alikuwa amesimama pale pale. Luqmani aliiona akilini sura atakayoivaa akisikia kwamba mkwe wake hutemea vitu vya watu. Akaona na Ijumaa inavyoyeyuka.

"Sikukipa kitu, maalim. Mimi nafanya kazi kisafi."

Yasmin, kando ya mama yake, akafungua mdomo. Luqmani akamkazia macho. Yasmin akaufunga.

Ijumaa ilifika na pilau lake. Kanzu ilimkaa vizuri, na yeye mwenyewe alikuwa ameshawaambia wote. Shehe alimshika mkono.

"Luqmani, umekubali kumuoa Yasmin kwa mahari mliyopatana?"

Neno lilikuwa tayari. Alifungua mdomo kulitoa, na taya likatoa mlio ambao nyuma ya pazia Yasmin aliutambua kabla ya mtu mwingine yeyote: mlio wa kijimota cha kisahani cha sidii, krrr, kisha tak. Ulimi ukatoka umenyooka, mpana, bapa. Ukarudi. Ukatoka tena, ute ukivutika, na walioketi mstari wa mbele wakaziba pua kwa mikono ya kanzu.

"Mama," Yasmin alisema kwa sauti ndogo, "alitema mate. Niliona."

Ndani ya kichwa chake Luqmani alikuwa anapiga kelele, nimekubali, nimekubali! Lakini mdomo ulishapata mwenyewe mwingine. Ulimi ule ulirefuka kidogo, ukapinda kuelekea chini, ukaufikia mkono wa shehe, na kwa utulivu wa mtu aliyenyimwa chakula muda mrefu ukaanza kuulamba, kidole kimoja kimoja.