Simu Isiyozungushwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi ya kufagia sebule. Alianza vizuri tu, lakini kumaliza ndiko kulikokuwa na matata. Akisikia sufuria jikoni, huyo, amekwenda kuchungulia. Akisikia hodi, anauacha ufagio katikati ya sebule na kukimbilia mlangoni. Ndiyo maana nyumbani walimwita Kiherehere, naye aliitika bila kinyongo.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Bibi yake, mama mzaa mama, aliishi nao, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Simu za mkononi hazikupatana naye hata kidogo.

"Nikigusa hapa, inafunguka kule," alilalamika. "Simu gani hii isiyokuwa na adabu? Zamani tulizungusha namba, kengele ikalia, tukaongea, basi!"

Bibi hakuwahi kusema "nipigie simu." Siku zote alisema, "Nizungushie." Nyumba nzima ilimcheka, naye alicheka pamoja nao.

Lakini siku hizo Bibi alicheka kidogo. Alikuwa amegombana na mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, aliyeishi mbali. Waligombania chungu cha marehemu mama yao. Chungu chenyewe kilikuwa na ufa! Wakanuniana. Bibi alimkumbuka mdogo wake, ila hakutaka kuanza yeye. "Mimi ndiye mkubwa," alisema. "Akitaka, atanitafuta."

Mama akaona dawa ni kumnunulia Bibi simu yake mwenyewe. Jumamosi moja alikwenda na Kiherehere kwenye duka la vyombo vya nyumbani. Rafuni palikuwa na simu nyeusi inayong'aa, yenye mkono mzito na kisahani cha matundu ya namba, kama zile za enzi za ujana wa Bibi.

"Usidanganyike kwa sura, dada," muuzaji alimwambia Mama. "Hii si ya zamani, imetengenezwa kwa mtindo wa zamani. Unaweka laini kama simu ya mkononi. Na kisahani hiki..."

Kiherehere hakusikia yaliyofuata. Saa ya ukutani ilikuwa imefungua kidirisha na kutoa ndege wa mbao, naye alishafika chini yake, shingo juu. Aliporudi, muuzaji alikuwa anafunga boksi.

"Umesikia maelezo yote?" Mama aliuliza.

"Nimesikia, Mama," alijibu haraka, asije akaambiwa hatulii.

"Vizuri. Basi wewe ndiye utakayemfundisha Bibi. Mimi nina gauni la bibi harusi la kumaliza."

Jioni hiyo Mama aliweka laini, akampelekea mdogo wa Bibi namba mpya, kisha akarudi kwenye cherehani. Kesho yake, Bibi alipokuwa amelala mchana, Kiherehere aliamua kujifunza kwanza ili asiumbuke. Akaingiza kidole kwenye tundu, akazungusha. Kisahani hakikusogea. Akaugeuza mwili wa simu, akaona swichi ndogo chini yake. "Kumbe kimefungwa!" alijisemea, akaisukuma. Akajaribu tena, safari hii kwa nguvu zake zote.

Kwaa!

Ufa mwembamba ulipita kwenye kisahani. Simu mpya ya Bibi, hata siku mbili haijamaliza! Haraka akachukua kitambaa cheupe alichofuma Bibi, akaifunika.

Bibi alipoamka aliona kitambaa, akatabasamu. "Umeikinga na vumbi, mke mwenzangu? Leo umetulia kama mtu mzima."

Sifa ile ilimchoma Kiherehere kuliko kiboko. "Bibi, wewe ngoja tu ilie, halafu unyanyue mkono wake," alisema huku akiangalia sakafu.

Bibi akasogeza kiti karibu na simu, akangoja. Siku hiyo haikulia, wala zilizofuata. Kila Kiherehere alipotoka shule alimkuta pale pale, ameelekeza sikio kwenye kitambaa.

"Amekataa kunisamehe," Bibi alisema jioni moja. "Namba anayo. Chungu chenyewe kibovu, jamani! Angekichukua tu." Akajifuta jicho kwa pembe ya khanga.

Walipokaa kula, Kiherehere aliisukuma sahani yake kando. Alijua Bibi analia kwa sababu ya simu aliyoivunja yeye. Alitaka kunyamaza, lakini kunyamaza kulimuuma zaidi. Akainuka mezani, akakifunua kile kitambaa.

"Bibi, mdogo wako hana kosa. Simu nimeivunja mimi." Machozi yakamtoka. "Na dukani sikusikiliza, Mama. Nilikuwa naangalia ndege wa saa. Nilikudanganya."

Mama aliacha kula. Akaichukua simu, akauangalia ule ufa, akabonyeza tundu moja. Ikatoa mlio, tii!

"Haikuharibika," alisema. "Kisahani hiki ni pambo. Kila tundu lina kitufe, unabonyeza. Ulikuwa unazungusha nini?"

"Bibi husema kuzungusha!"

Mama aligeuza simu chini juu. "Na hii swichi ya kengele nani ameizima?"

Kiherehere aliinua mkono polepole, kama yuko darasani.

Bibi aliwatazama wote wawili. "Yaani kengele ilizimwa? Huenda mdogo wangu alipiga?" Akasahau kabisa kwamba yeye ndiye mkubwa. "Nizungushie! Nizungushie haraka!"

Kiherehere alibonyeza namba moja baada ya nyingine. Upande wa pili sauti ikadakia kabla Bibi hajasema haloo.

"Dada! Kila siku napiga, hupokei! Nikasema basi, dada yangu amenikataa kwa ajili ya chungu!"

"Nami nikasema wewe ndiye umenikataa!" Bibi alicheka na kulia kwa pamoja. "Kichukue hicho chungu, mdogo wangu. Kichukue na ufa wake!"

Waliongea mpaka chakula kikapoa. Bibi alipoweka mkono wa simu mahali pake, alimvuta Kiherehere akamkalisha kando yake.

"Kuvunja kitu ni bahati mbaya, mjukuu wangu. Hata mimi nimevunja vingi," alisema. "Lakini ulikaa kimya, na kimya chako kimewafanya wazee wawili walie, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Ungesema siku ile ile, Mama angewasha swichi, na kazi ingekwisha."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Na usikiache hicho kiherehere chako, ila kitumie vizuri. Kabla hujakimbia, sikiliza. Na ukikosea, kimbia uje useme."

Asubuhi iliyofuata, Kiherehere alikuwa anafagia sebule simu ilipolia kwa sauti kubwa. Mguu mmoja ulishanyanyuka. Akaurudisha chini, akafagia mpaka kwenye kona ya mwisho, huku Bibi akiongea na kucheka na mdogo wake.