Bendera ya Mzee Onema

Asubuhi, Christelle alikuwa akikaanga mikate midogo nyuma ya nyumba yao, katika mtaa wa Alunguli. Mafuta yalichemka. Binti yake Déborah, mwenye umri wa miaka sita, alipanga mikate katika beseni. Baba yake Christelle, mzee Onema, ambaye Déborah alimwita koko, yaani babu, alikuwa akitafuta kitu chini ya viti.

"Bendera yangu iko wapi?" aliuliza. "Gari inakuya. Nani atafungua njia?"

Mzee Onema alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Kila siku alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, akaenda stesheni ya Kindu, ng'ambo. Alisimama mahali reli zinapogawanyika, akiwa na bendera mbili. Nyekundu: gari moshi lisubiri. Kijani: njia iko wazi. Alistaafu zamani. Lakini tangu mwaka uliopita alisahau kwamba amestaafu. Alisahau kama amekula. Mara nyingine alimwita Christelle kwa jina la mkewe, ambaye alikuwa amekufa.

Christelle alitazama beseni. Akichelewa bandarini, wenzake watakuwa wameshauza. Akainama karibu na sikio la baba yake.

"Papa, leo hakuna gari. Vita imerudi. Watu wa bunduki wako njiani. Ukae ndani."

Mzee akaingia ndani, akafunga dirisha.

Uongo huo ulianza wakati wa mvua. Siku moja mzee alitoka peke yake, akapanda mtumbwi wa watu na kuusukuma majini bila kasia. Wavuvi walimkamata katikati ya mto. Baada ya hapo Christelle alijaribu kumfungia mlango. Mzee aliupiga mpaka mikono ikatoka damu. Neno moja tu lilimzuia: vita. Akilisikia, alikaa. Christelle alifikiri kwamba kukaa ni kutulia.

Lakini hali ya mzee ilizidi kuwa mbaya. Aliacha kulala. Alificha mikate chini ya mto wa kitanda. Alikataa kunywa maji, akisema ni ya watoto. Gari moshi la mizigo lilipopiga honi ng'ambo, aliingia chini ya meza.

Jioni moja kaka mkubwa wa Christelle, Rigobert, alisimamisha pikipiki yake uani. Alikuwa akibeba abiria mjini. Uso wake ulikuwa na furaha.

"Christelle, nimepata dawa ya papa. Kule mujini kumefika docteur mumoja, Louis. Anachoma sindano ya seli mupya mgongoni. Ubongo unaanza tena kama wa kijana."

"Yaya," Christelle alimwita kaka yake, "nani umeona amepona?"

"Ameonyesha picha katika telefone. Keshokutwa asubuhi anashuka muto mpaka Lokandu na mashua, kisha anaendelea mbali. Papa lazima achomwe mbele, akiwa bado hapa. Nimeshapata muntu wa kununua pikipiki."

"Na utakula nini bila pikipiki?"

"Papa alitubeba wakati wa vita. Leo tumuache aoze chini ya meza?"

Christelle alikumbuka vizuri. Alikuwa msichana mdogo. Gari moshi lilikuwa limesimama, na mji ulikuwa na njaa. Baba yao aliwapitisha nyuma ya mashamba ya mihogo mpaka kwenye kijito. Akawaficha chini ya mizizi ya mti mkubwa, penye ukingo uliochimbwa na maji. Alimpa Rigobert jani la kutafuna ili asikohoe.

Kesho yake jirani yao, Mama Falone, alipita kununua mikate. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Christelle alimweleza habari ya sindano.

"Mugonjwa amepimwa na nani?" Mama Falone aliuliza.

"Hakuna muntu."

"Huyo Louis amemuona?"

"Ameona pikipiki tu," Christelle alisema. Wote wawili wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

"Sikiliza, mwanangu. Muleteni papa kwangu leo. Mbele ya sindano yoyote, nimupime kwanza."

Lakini Rigobert alikataa. "Mama Falone iko na vidonge vya malaria tu," alisema. "Hii kitu ni ya mbali. Haijui."

Siku ya safari ikafika. Mawingu meusi yalikuwa upande wa kusini, na usiku mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Rigobert alikuja mapema. Mtumbwi wa kuvusha mgonjwa ulikuwa ukingoni, tayari. Christelle alichukua shati safi la baba yake, akaingia chumbani.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mikate iliyofichwa haikuwepo.

"Déborah," aliita. "Déborah, koko iko wapi?"

Mtoto hakujibu. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Yeye hakuwepo.

Rigobert alikimbia mtoni. Wavuvi hawakuwa wamemwona mzee. Maji yalikuwa yamejaa, yakishuka na matawi na majani. Rigobert alirudi na miguu yenye matope. Alitikisa kichwa, na Christelle aliogopa zaidi.

Mama Falone alisikia kelele, akaja.

"Leo umemwambia papa nini?" aliuliza.

"Maneno ya kila siku. Kwamba vita imerudi, asitoke."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama. Ili akae."

Mama Falone alimshika mkono. "Kwake yeye si maneno, Christelle. Ugonjwa huu unafuta mambo ya jana. Ya zamani unayaacha muda mrefu. Umemwambia vita iko hapa, amekuamini. Sasa muntu kama papa yako, vita ikifika, anafanya nini?"

Christelle aliinua kichwa.

"Anaficha watoto," alisema.

Walikimbia nyuma ya mashamba ya mihogo. Njia ya zamani ilikuwa imefunikwa na majani, lakini baadhi ya mashina yalikuwa yamevunjwa karibuni. Walisikia kijito kabla ya kukiona. Kilikuwa kimejaa, rangi ya udongo.

Mti ulikuwepo bado. Chini ya mizizi, ndani ya ukingo uliochimbwa, mzee Onema alikuwa ameketi na Déborah mapajani. Mkono wake mmoja ulifunika mdomo wa mtoto. Maji yalikuwa yamefika magotini kwake.

"Papa," Rigobert aliita. "Toka. Maji inapanda."

Mzee alitikisa kichwa. "Punguza sauti, watasikia."

"Hakuna muntu, Papa. Vita iliisha."

Mzee alimtazama Christelle. Macho yake yalikuwa na hasira na huruma pamoja. "Ni wewe uliniambia," alisema. "Asubuhi hii hii uliniambia."

Rigobert alitaka kushuka amvute, lakini mzee alirudi nyuma zaidi, na udongo wa ukingo ukaanguka majini. Déborah akaanza kulia chini ya ule mkono.

"Usimvute," Mama Falone alisema polepole. "Ataingia ndani zaidi. Christelle, kazini, nini ilikuwa inaambia gari iende?"

Christelle alivua kitambaa chake cha kichwa. Kilikuwa cha kijani. Alisimama wima mbele ya mti, mahali baba yake angeweza kumwona. Aliinua kitambaa kwa mkono wa kulia, akakishika hapo.

"Chef Onema," alisema, kama mzee alivyoitwa kazini. "Njia iko wazi."

Mzee alitazama kitambaa. Maji yalipanda. Hakuna aliyesogea. Halafu mzee aliondoa mkono mdomoni mwa mtoto.

"Umeangalia pande zote mbili?"

"Nimeangalia, Papa. Pande zote mbili."

"Basi pokea mutoto kwanza."

Rigobert alimpokea Déborah. Kisha alimshika baba yake kiunoni, akamtoa. Hawakuwa wamefika shambani wakati ukingo ulipomeguka, na maji yakaingia mahali walipokuwa wameketi.

Simu ya Rigobert ililia. Alikuwa Louis.

"Mashua inaondoka," sauti ilisema. "Lete muzee haraka, na kile tulichopatana."

Rigobert alimtazama Mama Falone. Yeye alisema kwa sauti ndogo: "Muulize, baada ya sindano nani atamfuata mugonjwa?"

Rigobert akauliza. "Docteur, papa akipata homa kesho, nitakuona wapi?"

"Hatapata homa."

"Na akipata?"

"We kijana, unataka baba apone ao hutaki?"

Rigobert alifunga simu. Alikaa chini katikati ya mihogo, akashika kichwa.

Mchana mzee alikuwa amelala katika kituo cha afya, akiwa na nguo kavu. Mama Falone alimpima homa, damu na shinikizo la damu. Alimnywesha maji polepole. Alitazama masikio yake, akakuta yamejaa uchafu mgumu.

"Mwili umekauka, na masikio hayasikii vizuri," alisema. "Muntu mukubwa akikosa maji, akili inachafuka zaidi. Hii tunaweza kutengeneza. Wiki hii nitawaandikia mwende naye hospitali, daktari atafute kama kuna ugonjwa mwingine unaotibika. Maana si kila kusahau ni uzee. Na si uchawi."

"Na zile seli?" Rigobert aliuliza. Sauti yake ilikuwa chini. "Ni uongo mutupu?"

"Hapana. Seli zenyewe ni kweli. Mwili wetu umejengwa na vitu vidogo sana vinavyoitwa seli. Zimo zinazoitwa seli shina. Hizo ni kama behewa lililosimama stesheni, halijapewa njia. Linaweza kutumwa huku ao kule. Wataalamu wanajaribu kuona kama zinaweza kusaidia ubongo unaokufa. Wanatafiti. Labda siku moja watafika. Lakini mpaka leo hakuna sindano ya seli iliyothibitishwa kuponya ugonjwa huu."

"Tungejaribu tu."

"Sindano chafu mgongoni inaleta homa ya uti wa mgongo. Seli isiyojulikana inaweza kuota uvimbe. Utafiti wa kweli hauuzii mugonjwa sindano. Wanapima kwanza, wanaeleza hatari, wanakupa nafasi ya kukataa, na wanakufuata muda mrefu. Hawakimbilii mashua."

Christelle alisema, "Mama, nisipomtisha atarudi mtoni. Na mikate lazima niuze."

"Ni kweli. Lakini leo umeona kitu," Mama Falone alijibu. "Woga unamkalisha, na pia unamumaliza. Usibishane naye, na usimtie hofu. Bendera nyekundu ilikuwa inaambia gari nini?"

"Isubiri."

"Kuna hofu ndani yake?"

"Hapana. Gari inasubiri tu. Inapumzika."

Siku hizi mlango wa nyumba ile una vitambaa viwili. Asubuhi Christelle anatundika chekundu. Mzee anakiona, anavuta kiti, anasubiri. Jirani Adolphine anakaa naye, anamenya mihogo, na mzee anamsaidia. Anakunywa maji akipewa kikombe mkononi. Mtumbwi wowote ulio karibu umefungwa kwa mnyororo, na wavuvi wote wanamjua. Shingoni amevaa kipande cha ngozi chenye jina lake na namba ya simu ya Rigobert.

Mara nyingine kitambaa hakitoshi. Siku hizo mzee anagomba, na Adolphine anaimba mpaka apoe. Daktari wa hospitali alisema ugonjwa utaendelea. Christelle alilia njiani siku ile. Lakini mzee analala usiku, na chini ya mto wake hakuna mikate.

Jioni Rigobert anarudi na pikipiki yake. Déborah anapanda juu ya kiti, anatoa kitambaa chekundu, anatundika cha kijani. Halafu wao wawili na mzee wanakwenda kwa miguu mpaka ukingo wa Lualaba, kutazama stesheni ng'ambo.

Jana gari la mizigo lilipiga honi wakiwa pale. Rigobert alimshika baba yake mkono haraka. Mzee hakujificha. Alisikiliza mpaka honi ikaisha.

"Imefika salama," alisema. "Nani alifungua njia?"

"Wewe, koko," Déborah alijibu.

Mzee alifikiri kidogo. Hakukumbuka jina la mtoto. Akamshika mkono hata hivyo.

"Basi turudi nyumbani," alisema. "Kazi ya leo imeisha."