Taa Zinazofuata Sauti

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu asiyeamini mizimu wala fomu za serikali, alikuwa anahamishwa kikazi Jumatatu, na mama yake kiziwi angebaki peke yake ghorofa ya nne. Ndiyo maana alimwita fundi atundike televisheni ukutani na kubandika nyuma yake utepe wa taa zinazofuata sauti. Mtu akibisha hodi, mama aone ukuta unawaka.

Ofisi ya nyumba ilitoa kibali cha mashimo manne, kwa nakala tatu, baada ya kuthibitisha kwa muhuri kwamba nyuma ya ukuta ule hakuna mpangaji. Kweli hakuwepo. Kulikuwa na hewa tu, na barabara chini kabisa.

Kazi ilipokwisha walifunga mapazia ili wajaribu. Mwalimu akaita, "Mama!" Taa zikaruka, zikazima.

"Umeona mambo hayo?" fundi akasema, na kila neno lake likawaka.

Wakanyamaza mpaka wakasikia pumzi zao. Televisheni ilikuwa haijawashwa. Ndipo taa zikawaka taratibu, zikapanda, zikashuka, zikatua kidogo, zikaendelea.

"Fundi, ni wewe?"

"Mimi? Nimefumba mdomo, mwalimu."

Mama alikuwa ameketi akiutazama ukuta, anatabasamu.

"Mwanangu, mwache amalize," akasema. "Usimkatize."

Taa ziliruka kwa sauti yake, zikazima. Kisha, katika giza lile, zikaanza tena polepole, pale pale zilipoachia.