Ufa Chini ya Rangi Nyeusi

"Shuka hili juzi lilikuwa zima! Leo lina matundu kama chujio la chai. Nani kalitoboa, mbu?"

"Mama Cherehani, nimekwambia mara mia. Ukianika upande wangu, cheche hazina macho."

"Na wewe mwenyewe unayo?"

Ndivyo asubuhi zilivyoanza pale uani. Fundi Cheche, mchomelea vyuma, na Mama Cherehani, mshona nguo, walipakana ukuta na kupakana maneno. Majirani walitoka na vikombe vyao hadi mlangoni, wasije wakapitwa na neno jipya. Ugomvi ule ukikosekana siku moja, watu huuliza nani mgonjwa.

Jumamosi hiyo wote walicheka, isipokuwa binti wa Fundi Cheche. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtaa mzima ulimwita Jicho. Ufagio alikuwa ameushika, lakini hafagii. Alikuwa anaitazama pikipiki ya magurudumu manne iliyosimama mbele ya karakana, pana mabega kama fahali, fremu yake nyeusi iking'aa.

Mwenye pikipiki alikuwa Kishada, mtoto wa pekee wa Mama Cherehani, kijana wa miaka kumi na tisa. Walimwita Kishada kwa sababu hakupenda kukaa chini. Saa nne asubuhi hiyo angeshindana na wenzake kwenye machimbo ya zamani ya mawe, kuruka kilima kimoja hadi kingine.

"Gombaneni taratibu, wazee wangu," alisema akicheka. "Nikirudi na kikombe nataka niwakute hai."

Akaisukuma pikipiki kutoka uani bila kuiwasha. Gurudumu la mbele likazama kwenye mtaro, likapanda.

*Tk.*

Sauti ndogo, kama kijiti kikavu kimekanyagwa. Jicho aliijua sauti hiyo. Aliisikia Alhamisi walipoishusha pikipiki kwenye magogo. Aliisikia jana Kishada alipoikalia. "Vyuma vipya vinazoeana tu," Kishada alisema. Jicho alijua kwamba si kuzoeana.

Siku ya Jumatano, fremu ilikuwa mezani karakanani, tupu, bila injini wala magurudumu. Ilikuwa imevunjika upande wa kushoto, pale shokomzoba inapofungwa, na Fundi Cheche alikuwa ameshaichomelea vizuri. Lakini yeye alikuwa na sheria yake: chuma kikivunjika mahali pamoja, mahali pengine pia kimechoka. Kwa hiyo kabla ya rangi, kila kiungo hupakwa mafuta ya taa, hufutwa kikauke, kisha hupulizwa unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Hiyo ilikuwa kazi ya Jicho. Vidole vyake vilipenya pasipofikiwa na vya baba, na jina lake hakulipata bure.

Jumatano hiyo baba alikuwa ameenda kununua vijiti vya kuchomelea. Nje, wasichana wenzake walikuwa wanamwita. Timu ya netiboli ilikuwa inapangwa, na asiyefika angekaa benchi. Viungo kumi vilikuwa salama. Cha kumi na moja, upande wa kulia chini ya kitako cha injini, kikatoa mstari. Mwembamba kama unywele.

"Jicho! Tunaanza!"

Kumngoja baba kungekula saa nzima. Akaufuta mstari kwa kidole. Akajiambia ni mkwaruzo tu. Akachukua kopo la rangi nyeusi, akapuliza, na mstari ukatoweka kana kwamba haukuwahi kuwapo.

"Umekagua vyote?" baba aliuliza aliporudi.

"Vyote, baba."

Wala hakusema uongo. Alikagua vyote. Ndiyo maana neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, siku tatu.

Sasa mngurumo wa pikipiki ulikuwa unafifia barabarani. Mama Cherehani alikunja shuka lake, akashusha pumzi.

"Basi, Fundi, shuka nakusamehe. Umenishonea fremu ya mwanangu. Mara ya kwanza ilikatika akiwa chini, kwenye tambarare. Ingekatika akiwa hewani, leo mngekuwa mmekuja kwangu kunipa pole."

Ufagio ukaanguka.

"Baba," Jicho alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Kuna ufa mwingine. Niliuona. Nikaupaka rangi."

Hata mnywa chai wa mlango wa tatu aliyekuwa karibu kupiga chafya aliimeza.

"Wapi?"

"Kulia. Chini ya kitako cha injini."

Fundi Cheche hakumpiga, hakufoka. Afadhali angefoka. Alitwaa baiskeli iliyoegemezwa ukutani bila kuuliza ni ya nani, akaondoka nayo. Jicho akakimbia nyuma yake. Mama Cherehani akakimbia pia, miguu mitupu, futi ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Machimboni vumbi lilikuwa limefunika watu hadi kiunoni. Kishada alikuwa wa tatu kwenye mstari. Wa kwanza akapanda kilima, akaruka, akatua. Wa pili akaruka, akatua. Kishada akainua mkono kuwapungia mashabiki.

Fundi Cheche alitupa baiskeli, akaenda kusimama mbele ya magurudumu.

"Zima."

"Fundi, zamu yangu hii! Utaniaibisha mbele za watu."

"Zima, mwanangu."

Injini ikanyamaza. Fundi aliinama, akakwangua rangi kwa kisu, akawaomba vijana wanne waishike pikipiki. Akaweka kisigino chake kwenye bomba la fremu, akasukuma mara moja tu, kwa nguvu.

Bomba likakatika kama muwa.

Hakuna aliyecheka. Mama Cherehani aliketi chini pale pale vumbini. Kishada aliutazama mkato ule, kisha kilima, kisha Jicho.

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Ukanipakia rangi."

"Ndiyo. Nisamehe, kaka."

Kishada alivua kofia yake ngumu taratibu, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki.

"Kosa hili lina jina langu pia," Fundi Cheche alimwambia. "Kazi imetoka mikononi mwangu bila mimi kuitazama mara ya pili. Ila fremu hii siichomelei tena. Kitambaa kilichooza ukikishona hapa kinachanika pale. Muulize mama yako."

Wiki hiyo walizunguka kwa wauza vyuma chakavu hadi wakapata fremu nyingine ya aina ile ile. Jicho mwenyewe aliomba ruhusa ya kutocheza netiboli. Kila alasiri baada ya shule alikwangua kutu kwa brashi ya waya, akapaka mafuta, akafuta, akapuliza chaki. Kiungo cha tisa kikaonyesha mstari.

"Baba! Njoo uone."

Fundi aliacha kazi ya mteja, akaja, akapitisha kucha. "Mkwaruzo wa tupa tu."

"Samahani nimekusumbua."

"Nisumbue kila siku. Hiyo ndiyo kazi."

Lakini uani asubuhi zilikuwa kimya. Mama Cherehani alianika nguo zake bila kuteta na mtu. Jicho alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba akiangalia pembeni. Kimya kile kilimchoma Jicho kuliko cheche.

Siku fremu mpya ilipofungwa injini na magurudumu, Kishada aliivusha pikipiki mtaroni mara tatu. Jicho alifumba macho, akasikiliza. Hakuna kilicholia.

"Imetulia," Kishada alisema. Kisha akamgusa bega. "Nawe tulia sasa, dada. Unanitisha na hayo macho."

Alipofumbua macho, Mama Cherehani alikuwa amesimama mbele yake.

"Wiki mbili nilikuwa natafuta neno baya la kukutosha, nikalikosa," alisema. "Umefanya kosa kubwa, binti. Aibu ukaifunika kwa rangi, na rangi haiungi chuma, inaziba macho ya watu tu. Lakini ulisema wakati mwanangu bado mzima, mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyekulazimisha. Ukweli ukichelewa huwa hadithi ya msibani. Kuanzia leo ukiona kitu, kisikulale moyoni. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Haya, ingia ndani, chakula kinapoa. Na wewe Fundi, unanitolea macho ya nini? Nawa hiyo mikono, uje ule."