Kengele ya Mbingu

Evod ni rafiki yangu, lakini simwonei huruma. Faida yote ya duka lake la pembejeo hapa Ifakara anaimalizia kwenye kengele kuukuu za baiskeli. Kwenye kundi la WhatsApp la wakusanyaji wenzake wanashindana kupandisha bei, na yeye hakubali kushindwa.

Mwezi wa tisa alikwenda kijiji cha Mbingu kwa Bibi Yosefina, kufuata kengele ya baiskeli ya mumewe. Mume huyo alichukuliwa na mto zamani. Baiskeli ilipatikana, mwenyewe hakuonekana.

"Siuzi," bibi alimwambia. "Akifika hupiga mara mbili, nami namfungulia."

Evod akampa mtoto wa bibi burungutu la noti nyuma ya nyumba, kengele ikafunguliwa kwa bisibisi. Bibi aliwaona.

"Basi utamfungulia wewe," alisema, akaingia ndani.

Jioni ya tatu umeme ulikatika. Evod, anayeishi peke yake, akasikia kengele mlangoni, mara mbili, taratibu. Alimulika kwa simu kabati la vioo anamoweka kengele zake. Kengele ilikuwa ndani, kufuli limefungwa. Hakufungua mlango.

Asubuhi alikuta mstari wa tairi la baiskeli sakafuni, tope bichi, wakati mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano. Ulitoka mlangoni ukaishia kabatini. Wa kurudi haukuwepo.

Aliponipigia nilimwambia apige deki, aniache nifanye kazi. Akasema ameshapiga mara tatu. Leo alfajiri mstari umepita kabati, umeishia kitandani, upande asiolalia, na shuka la upande huo limelowa.