Glavu za Mkuu wa Maabara

Pipeti hakuwa na bastola. Hakuwa na gari, wala mwenzake wa kumlinda mgongo. Hata tai aliyovaa ilikuwa ya kuazima. Alikuwa na saa ya Casio, kipokezi sikioni, na jina la utani alilotoka nalo maabara kabla hajawa jasusi.

"Kasha likitoka jengoni tumekwisha," mkuu wake alisema sikioni. "Polisi watafika baada ya dakika tisa."

Kasha la barafu lilikuwa mapajani mwa mwanamke aliyeketi kando yake, kwenye benchi la wasailiwa. Alikuwa na uzamivu wa baiolojia. Miaka sita chuoni alikuza mbegu ya chanjo ya homa ya watoto, vijidudu dhaifu ambavyo chanjo hutengenezwa kwavyo. Mkataba ukaisha. Profesa wake akamnyima barua ya mapendekezo: aendaye kiwandani, alisema, ameisaliti sayansi. Maombi ya kazi arobaini yakagonga mwamba. Kisha kampuni hii ikamwita, aje na mbegu yenyewe waone kazi yake.

Haikuwa kampuni. Walikuwa wafanya magendo, na ofisi waliikodi jana.

Pipeti alimnong'oneza hayo yote.

"Kaka, na wewe unaitaka hii nafasi," alijibu bila kugeuka. "Subiri zamu yako."

Mlango ukafunguka. Akatokea aliyejiita mkuu wa maabara: koti jeupe, glavu mikononi. Alishika kitasa. Akajikuna pua. Akampa mwanamke mkono.

Kwa glavu zilezile, ambazo mtu wa maabara hagusi nazo kitasa wala uso.

Pipeti alizitazama. Mwanamke naye akazitazama. Aliwahi kufukuza wanafunzi maabara kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Tupe mbegu, dada," mtu yule alisema.

Kashani mlikuwa na vichupa viwili, vimefanana kama pacha: mbegu, na maji ya chumvi ya kulinganishia katika majaribio.

Mwanamke akampa kichupa cha maji ya chumvi.

Mtu yule alikitia mfukoni, kwenye joto la mwili ambalo lingeiua mbegu halisi, akashuka ngazi mbio.

Polisi walimpokea chini.

Mwanamke alibaki amekumbatia kasha. "Hii ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho," alisema. "Sasa niende wapi?"

Pipeti alivuka barabara hadi posta, akakiandikia kiwanda cha chanjo cha kweli barua ya kumpendekeza: *Nami nilikuwa mtafiti. Huyu alikosa kila kitu, na mbegu hakuitoa.* Akatia saini jina lake halisi, lililofichwa miaka tisa.

"Unafanya nini hapo?" kipokezi kilikoroma.

Alikichomoa. Akalamba gundi, akafunga bahasha, akaitumbukiza sandukuni.