Ngozi Isiyo na Ng'ombe

Kitambaa kilikuwa kibichi. Ndicho kitu cha kwanza alichokiona Inspekta Zuwena, kabla hata ya ukuta mtupu ambao Adriano, mwenye karakana, alikuwa akiunyooshea kidole kwa makelele.

"Ilitundikwa hapa, afande! Ngozi kubwa kuliko zote! Imeibwa usiku!"

Haikuwa ngozi ya mnyama. Karakana hii ya mtaa wa Itetemia hulisha uyoga kwa maganda ya karanga na pumba za mpunga. Nyuzi zake nyeupe husukana ndani ya trei mpaka zinakuwa utando mzito, unaokandamizwa, ukakaushwa, ukatiwa rangi ya magome. Ukiushika utaapa ni ngozi ya ng'ombe.

Zuwena aligusa tena kitambaa kilichofunika trei za uyoga mchanga.

"Nani huwa anakilowesha?"

"Suzana. Lakini yuko msibani, baba yake amefariki juzi."

"Basi mwizi wako amemwagilia bustani kabla ya kuondoka. Kufuli?"

"Zima. Ila mwizi namjua. Mfaume, fundi viatu wa mtaa wa Chemchem. Kila siku anaililia ngozi ile."

Kibandani kwake, Mfaume alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

"Mimi, afande? Kitu kikubwa kama kitanda! Ningepita nacho mjini nimejifunika kama bwana harusi?"

"Ungekikata."

"Ningekikata palepale. Mimi nashona makubazi. Anayeibeba nzima ana haja nayo nzima. Na ngozi nzima, kwa watani zangu Wanyamwezi wa zamani, ni ya ngoma kubwa au ya kumzikia mzee."

Alisema kwa utani. Zuwena hakucheka. Alimpigia simu Adriano amfuate msibani kwa kina Suzana, akawasha pikipiki.

Mzee Ngollo, baba yake Suzana, alikuwa amezikwa adhuhuri ile. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi pembeni ya nyumba. Suzana, binti mwembamba aitikiaye salamu kwa kunong'ona, alikuwa akisugua masufuria. Zuwena akampa pole, akachuchumaa karibu naye. Tobias, kaka mkubwa wa marehemu, akasogea kusikiliza.

"Nani alilowesha kitambaa jana usiku?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Wale wachanga wangekauka. Hawana kosa."

"Na ngozi?"

"Baba amelala nayo."

Tobias akaruka. "Ile? Ile ilikuwa ya ng'ombe!"

"Sikusema ya ng'ombe, baba mkubwa. Niliitandika kaburini, mkadhani hivyo wenyewe."

"Wageni wangu wanatoka Dar kesho kuja kuiona!" Adriano alifoka. "Afande, kaburi lifukuliwe!"

"Hilo ni la mahakama," Zuwena akamjibu.

Suzana akasimama, povu la sabuni likimchuruzika viwikoni. Hakunong'ona tena.

"Nifungeni. Ngozi nyingine nitaiotesha hata gerezani, wakinipa maganda. Lakini atakayegusa udongo ule aanze na mimi."

Adriano alirudi nyuma hatua moja.

"Kwa nini hukuomba, mwanangu?" Zuwena aliuliza.

"Niliomba. Niliomba ya ng'ombe kwanza." Akamgeukia Tobias. "Una zizi zima. Baba amekuchungia hao ng'ombe tangu utoto wake. Jana nilipokuomba ngozi ya mmoja tu, ulinijibuje mbele ya watu?"

Tobias alitazama masufuria.

"Jibu, mzee," Zuwena akasema.

"Nilisema... mwanamume asiyeacha mtoto wa kiume azikwe na blanketi. Hana mtu."

Zuwena alitoa pingu, zikabaki zikining'inia mkononi mwake. Suzana mwenyewe ndiye aliyeipeleka mikono yake mbele, lakini macho hakuyatoa usoni mwa Tobias.

"Jana niliinamisha kichwa," alisema. "Alikuwa na mtu, baba mkubwa. Alikuwa na mimi."